Ukumbi wa Kaloleni: Jumba la Burudani Lililoitwa Bunge

Katikati ya mtaa wa Kaloleni, upande wa mashariki wa Nairobi, kuna ukumbi wa kijamii ambao wakazi waliupa jina la Bunge wakati Waafrika wengi wa Kenya hawakuwa na haki ya kupiga kura. Manispaa iliujenga uwe mahali pa burudani na mafunzo. Kazi iliyoupa umaarufu haikuwamo katika mpango huo.

Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia, mtu aliyemwacha mke na watoto kijijini na ambaye angerudi huko kazi ikiisha. Kwa hiyo alitafutiwa nafasi ya kulala tu, mara nyingi katika chumba alichoshiriki na wenzake kadhaa. Migomo ya Mombasa ya 1939 na 1947 ilionyesha hatari ya hesabu hiyo, kwani malalamiko ya makazi duni yalikuwa miongoni mwa yaliyowasukuma vibarua kuacha kazi. Nairobi nayo ilikuwa ikifurika. Sensa ya 1948 ilikuta watu zaidi ya 100,000.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kama jibu la tatizo hilo, nayo ni mojawapo ya mitaa ya kwanza mjini iliyokusudiwa familia za Kiafrika. Ramani yake ilichorwa na A. J. S. Hutton kwa kufuata wazo la mji-bustani la Mwingereza Ebenezer Howard. Sehemu ya kazi ya ujenzi ilifanywa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, waliotekwa katika vita vya Ethiopia wakaletwa Kenya. Nyumba zilikuwa za mawe, zisizo na ghorofa, zenye paa za vigae, zikizunguka viwanja vya nyasi badala ya kupangwa mstari mmoja mrefu kama kambi. Ukumbi uliwekwa moyoni mwa mtaa, mahali ambapo mkazi wa upande wowote angeufikia kwa miguu.

Maofisa walitarajia kumbi za aina hii zimfunze mfanyakazi maisha waliyoyaona kuwa ya kistaarabu. Tom Askwith, aliyesimamia masuala ya Waafrika katika manispaa kuanzia 1945 hadi 1949, aliamini kwamba mtu akipata makazi ya heshima na mahali pa kukutana na wenzake, mji utatulia. Fedha za huduma za jamii zilitoka kwa sehemu katika vilabu vya pombe. Manispaa pekee ndiyo iliyoruhusiwa kuuza pombe ya kienyeji, na faida yake iliingia katika mfuko wa maslahi ya Waafrika. Mteja aliyelipia bakuli la pombe katika mtaa wa Pumwani alikuwa pia akichangia huduma zilizosemekana kuwa zawadi ya serikali.

Siasa iliingia kwa sababu rahisi. Hoteli na vilabu vya katikati ya jiji vilifungwa kwa Waafrika, na mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Kwa hiyo kumbi za mitaani ndizo zilizokuwa karibu paa pekee ambalo umati ungeweza kukaa chini yake na kujadiliana. Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Kenya African Union (KAU) na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni kupinga madai ya walowezi ya kuendelea kuitawala nchi. Hapo Makhan Singh, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja iliyodai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, rais wa shirikisho hilo. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma siku iliyofuata, lakini Singh alibaki kizuizini hadi Oktoba 1961.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau. Katika msako wa Aprili 1954 askari waliizingira mitaa ya Waafrika, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini. Vyama vya siasa vya Kiafrika vilipokubaliwa tena kuanzia 1955, viliruhusiwa kwa ngazi ya wilaya tu, na kumbi za Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, ule wa Kaloleni ukiwemo, zikajaa upya. Tom Mboya, aliyeshinda kiti cha Nairobi mwaka 1957, alikijenga chama chake cha jijini kutokana na wasikilizaji wa mitaa hiyo. Ukumbi ulikuwa umelistahili jina la Bunge.

Baada ya uhuru wa 1963 nyumba zilibaki za halmashauri ya jiji, na tangu 2013 zimekuwa mikononi mwa kaunti. Familia zilipoongezeka, vyumba vya mabati viliota kando ya kuta za mawe. Maktaba ya mtaa, tawi la Maktaba ya McMillan ya Nairobi, imekarabatiwa na shirika la Book Bunk. Mipango ya kuijenga upya Eastlands kwa maghorofa imejadiliwa kwa miaka mingi, na kila inapotajwa, swali la hatima ya ukumbi huibuka nayo. Thamani yake haiwezi kupimwa kwa ukubwa wa kiwanja, kwa kuwa ndani yake wapangaji wasio na kura walijadili nchi kama wananchi wake.