Kipenu, si Kabini ya Nje

Anayeuza safari ya meli ya kitalii kwa Kiswahili siku hizi humwambia abiria achague kati ya “kabini ya ndani” na “kabini ya nje”. Tafsiri hii ni mbovu, na inasikitisha kwamba wanaoipitisha ni watu waliokabidhiwa dhamana ya istilahi. Katika Kiswahili choo cha nje ni kile kilichojengwa mbali na nyumba, na jiko la nje lipo uani. Kwa kanuni hiyo hiyo, kabini ya nje ingekuwa imetundikwa juu ya maji. Kinachokusudiwa ni chumba kilichomo melini, ila kimeegemea ubavu wa meli na kina dirisha linalotazama bahari. Chumba hicho tayari kina jina, na kamusi zetu za zamani zililiweka kabla kamati yoyote haijaketi: kipenu.

Asili yake ni upenu, yaani sehemu ya nyumba iliyo chini ya mteremko wa paa, huko ukingoni, ambako mtu huweza kuegemeza ukuta akapata kijumba cha pembeni. Ukiudogosha unapata kipenu, na chomboni kipenu kikawa chumba kidogo cha ubavuni. Hakuna ajabu hapo. Lugha ya ubaharia imezoea kukitazama chombo kama nyumba: sitaha yenyewe inatokana na neno la Kiarabu la paa au uso wa juu wa kitu. Aliye chini ya sitaha, karibu na ubavu, yumo kipenuni kama vile aliye chini ya paa, karibu na ukingo, yumo upenuni. Neno hili limebeba mahali ndani yake, wala halihitaji kivumishi cha kulisaidia.

Na mahali ndipo penye kiini cha uchaguzi wote. Mwaka 2009 ilizinduliwa Oasis of the Seas, meli ambayo baadhi ya vyumba vyake vina roshani zinazotazama bustani iliyo katikati ya meli yenyewe. Roshani ipo, mwanga upo, lakini bahari haipo mbele ya macho. Mwaka 2011 ikafuata Disney Dream, iliyoweka katika vyumba vyake vya ndani madirisha ya bandia, ambayo ni skrini za mviringo zinazoonyesha picha za moja kwa moja kutoka kamera za nje. Ukisema “kabini yenye roshani” au “kabini yenye dirisha”, mnunuzi hajui anapata nini. Ukisema kipenu, mwuzaji amejifunga: chumba kinagusa ubavu, au hakigusi.

Wapinzani wangu wanasema kipenu kinanuka umaskini, eti hakuna atakayelipa fedha nyingi alale bandani. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kabini lingetoka jumba la kifalme. Limetoka Kiingereza, Kiingereza kikalipata Kifaransa, na chimbuko lake ni capanna la Kilatini cha baadaye, yaani kibanda! Mtu anakimbia kibanda cha kwao akajisitiri katika kibanda cha Roma. Wengine wanapendekeza behewa, wakisahau kwamba neno hilo limekwisha kupanda garimoshi na halishuki. Wapo pia wanaouliza kitakuwaje chumba cha katikati kisicho na dirisha. Kibaki kuwa chumba cha ndani, kwa jina na kwa bei. Tofauti hiyo ndiyo “kabini” inayoifunika, na ndiyo abiria anayohitaji kuijua kabla ya kulipa.

Kuhusu matumizi, maneno machache yatosha. Kipenu kilicho katikati ya urefu wa meli, sitaha za chini, hutikisika kidogo kuliko vyote. Cha omo, yaani mbele, hupanda na kushuka na mawimbi, tena nanga ikiteremshwa alfajiri mlalaji ataisikia. Cha tezi, yaani nyuma, hupata mtetemo wa rafadha. Kipenu kilichozibwa na mashua za kuokolea kiitwe kipenu kizibwa, na mteja aambiwe mapema. Joshi na demani, yaani upande unaopigwa na upepo na ule uliokingwa nao, zisiandikwe kwenye tiketi, kwa kuwa pande hizo hufuata upepo. Wingi ni vipenu, bila ubishi, ilhali watetezi wa kabini hadi leo hawajaafikiana kama waseme kabini nyingi au makabini.