Faili Halifi Likiwa Bado Mkononi

Msimamizi wa seva anakuta diski imejaa. Anatafuta faili kubwa kuliko yote, tuseme kumbukumbu za matukio ambazo programu ya hifadhidata imekuwa ikiziandika kwa wiki kadhaa, kisha analifuta. Akitazama orodha, faili halipo. Akipima nafasi, diski imejaa vilevile.

Mashine haina kasoro. Inatii kanuni iliyowekwa Marekani karibu na mwanzo wa miaka ya 1970: jina la faili likifutwa, faili lenyewe linaendelea kuishi mpaka programu ya mwisho inayolitumia iliachie. Hifadhidata ile ikilifunga faili au ikizimwa, nafasi inarudi papo hapo.

Nyuma ya kanuni hiyo kuna swali ambalo kila mwandishi wa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hana budi kulijibu: kitu kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta kitupwe lini? Kikitupwa mapema, programu iliyokishika itasoma takataka, au data ya mtu mwingine. Kisipotupwa kabisa, kumbukumbu inajaa hadi mashine ikwame. Kwa zaidi ya miaka 50 jibu kuu limekuwa kuhesabu. Historia yake inastahili kujulikana, kwa sababu usalama wa kila simu ya Android kutoka Mombasa hadi Bujumbura umesimama juu ya hesabu hizo.

Hesabu mbili za Murray Hill

Mwaka 1969 maabara ya Bell Labs, yenye makao Murray Hill katika jimbo la New Jersey, ilijitoa katika mradi wa mfumo endeshi wa Multics. Ken Thompson, mmoja wa waliokuwa wakiufanyia kazi, alichukua kompyuta ndogo ya PDP-7 akaanza kuandika mfumo wake mwenyewe. Dennis Ritchie na wenzake wakaungana naye, na Unix ikazaliwa.

Uamuzi wao mmoja ndio uliozaa yote yaliyofuata: walitenganisha jina na faili. Katika Unix, saraka ni orodha ya majina na namba. Kila namba inaelekeza kwenye ainodi, rekodi ndogo inayotunza ukubwa wa faili, mwenye faili, ruhusa zake na mahali data ilipo kwenye diski. Jina halimo ndani ya ainodi. Faili moja linaweza kuwa na majina mawili au kumi, katika saraka tofauti, yote yakiwa na hadhi sawa.

Basi mtu akifuta jina moja, faili lifutwe? Hapana, mpaka jina la mwisho liondoke. Kila ainodi ikapewa hesabu ya majina yake, na hesabu hiyo ikaandikwa kwenye diski. Lakini faili linaweza kupoteza majina yote huku programu bado inalisoma. Kwa hiyo ainodi ilipoletwa kwenye kumbukumbu ilipewa hesabu ya pili, ya wanaoitumia kwa wakati huo.

Toleo la Sita la Unix, la mwaka 1975, linaonyesha hesabu zote mbili kwa uwazi wa kupendeza. Jedwali la ainodi kwenye kumbukumbu lilikuwa na nafasi 100 tu kwa mashine nzima. Kipande cha programu kilichoitwa iget kilichukua ainodi na kuongeza hesabu ya watumiaji. Kingine, iput, kiliipunguza. Iput ilipokuta kwamba anayeachia ndiye wa mwisho, iliangalia pia hesabu ya majina. Nayo ikiwa sifuri, data ilifutwa na ainodi ikarudishwa kwenye akiba. Mistari michache tu, na kifo cha faili kikawa na utaratibu.

Mtu aliyeieneza elimu hii ni John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney. Mwaka 1976 na 1977 aliwatayarishia wanafunzi wake vitabu viwili: kimoja chenye programu ya kerneli ya Toleo la Sita, kingine chenye maelezo yake. Leseni ya Toleo la Saba, la 1979, ilipokataza programu hiyo kutumika darasani, watu walivitoa vitabu hivyo nakala kwa siri miaka nenda miaka rudi. Vilichapishwa rasmi mwaka 1996 tu.

Wazo la kuhesabu washikaji lilikuwa na umri wa takribani muongo mmoja Unix ilipoanza. George Collins alilichapisha mwaka 1960, akizungumzia orodha ndani ya kumbukumbu. Mwaka huohuo John McCarthy, muasisi wa lugha ya Lisp, alichapisha njia shindani: usihesabu chochote, kumbukumbu ikipungua, anza kwenye vitu vinavyojulikana kuwa hai, fuata kila kinachofikika kutoka hapo, na vilivyobaki vyote ni taka. Kufikia 1963 udhaifu wa kuhesabu ulikuwa umekwisha kuelezwa katika maandishi: vitu viwili vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, hesabu haifiki sifuri hata kama hakuna mwingine anayevijua. Udhaifu huo ungekuja kuisumbua kerneli miaka mingi baadaye.

Mafaili yanapohamia mashine nyingine

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems ya California ilitaka kompyuta zake zisome mafaili yaliyoko kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kerneli ya Unix ilijua aina moja tu ya mpangilio wa faili. Mwaka 1985 Sun ilitoa mfumo wa NFS, na mwaka 1986 mhandisi wake Steve Kleiman alieleza kwa maandishi usanifu uliouwezesha: tabaka la katikati, ambalo leo linajulikana kama VFS. Juu ya tabaka hilo, kila faili linaonekana kwa sura moja, vinodi. Chini yake, kila aina ya mfumo wa faili hufanya kazi kwa namna yake.

Hesabu ya washikaji ilipanda ikakaa kwenye vinodi. Tabaka la juu ndilo linalohesabu. Mshikaji wa mwisho akiachia, linaujulisha mfumo wa faili husika kwamba sasa hakuna anayekitumia kitu hiki. Kazi ya kuhesabu ikafanyika mahali pamoja kwa niaba ya wote, na ndiyo sababu kerneli za leo zinaweza kubeba mifumo ya faili kwa makumi.

Mtandao ulileta tatizo jipya. Seva ya NFS ya mwanzo, kwa makusudi, haikuweka kumbukumbu ya nani amefungua nini, ili ikizimika ghafla iweze kuwaka na kuendelea. Kwa hiyo haikuweza kujua kwamba faili linalofutwa bado liko mkononi mwa mtu. Suluhisho likawekwa upande wa mteja: programu ikifuta faili ambalo bado limefunguliwa kwenye mashine hiyo, kerneli hulibadilisha jina, likaanza na .nfs, kisha hulifuta kweli likishafungwa. Wasimamizi wa seva bado wanayakuta mafaili hayo hadi leo.

Linux na mti wa majina

Linus Torvalds alipoanza kerneli ya Linux mjini Helsinki mwaka 1991, alitumia mpangilio wa faili wa mfumo endeshi wa Minix. Tabaka la VFS liliandikwa kwanza na Chris Provenzano, Torvalds akaliandika upya kabla ya kuliingiza, na kufikia 1992 Rémy Card alikuwa ametoa mfumo wa faili wa ext uliolitumia.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1997, katika matoleo ya majaribio yaliyozaa Linux 2.2 ya Januari 1999. Jina nalo likapewa uhai wake ndani ya kumbukumbu: kila sehemu ya njia ya faili ikawa na kitu kiitwacho dentri. Dentri inaishika ainodi yake, na inamshika mzazi wake, yaani dentri ya saraka ambamo imo. Kwa hiyo saraka haiwezi kutoweka kwenye kumbukumbu huku mtoto wake bado yumo.

Hapa maana ya sifuri ilibadilika. Hesabu ya dentri ikifika sifuri, haitupwi mara moja. Inawekwa kwenye foleni ya zisizotumika, kwa kuwa jina lililoulizwa sasa hivi lina nafasi kubwa ya kuulizwa tena. Kumbukumbu ikipungua ndipo zilizokaa muda mrefu huondolewa. Hata jina lisilokuwepo huwekewa dentri, ili programu inayolitafuta tena na tena isiisumbue diski kila mara.

Bei ya mpangilio huu ni kwamba kila anayeshika lazima aachie kabla diski haijaondolewa. Kosa la hesabu likigundulika wakati huo, kwa miaka mingi Linux iliandika onyo kwamba bado kuna ainodi zenye shughuli, kwamba mashine itajiharibu baada ya sekunde 5, kisha ikamtakia mtumiaji siku njema. Waandishi wake walijua hali hiyo haina njia salama ya kutokea.

Hesabu inapogeuka mzigo

Kompyuta zilipopata prosesa nyingi, kuhesabu kwenyewe kukawa kikwazo. Kufungua faili lenye njia ndefu kulidai kuongeza na kupunguza hesabu ya kila saraka njiani. Saraka ya mzizi inapitiwa na karibu kila ombi, kwa hiyo prosesa zote zikawa zinagombea kuandika mahali palepale kwenye kumbukumbu. Ukiongeza prosesa, foleni inarefuka.

Jibu lilitoka kwenye kampuni ya Sequent, Oregon, ambako Paul McKenney na John Slingwine walikuwa wamebuni katika miaka ya 1990 mbinu ya RCU. Katika mbinu hiyo msomaji hahesabiwi. Anayetaka kutupa kitu hukiondoa kwanza mahali kinapofikika, ili asiwepo msomaji mpya wa kukikuta. Kisha husubiri mpaka kila prosesa ipite katika hali ambayo haiwezi tena kuwa inakisoma. Hapo ndipo hukitupa. Linux iliipokea RCU mwaka 2002.

Nick Piggin aliifikisha kwenye safari nzima ya kutafuta jina, katika Linux 2.6.38 ya Machi 2011. Kerneli ikaanza kupita njia yote bila kufuli na bila kugusa hesabu. Katika kila hatua inasoma namba ya mfuatano ya dentri, inachukua inachohitaji, kisha inaihakiki namba ile. Isipobadilika, hakuna aliyeingilia kati. Ikibadilika, kerneli inarudi kwenye utaratibu wa zamani wa kushika na kuhesabu. Hesabu ikabaki kwa kinachofikiwa mwishoni mwa safari, na kufuli moja lililokuwa likilinda hifadhi yote ya dentri likaondolewa.

Kukopa harusi, kulipa matanga

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na waandishi wa kerneli wanaionja kauli hiyo kila mwaka. Kushika ni rahisi. Kuachia katika kila njia, pamoja na njia za makosa ambazo hazipitiwi mara kwa mara, ndiko kunakosahauliwa.

Januari 2016 ilitangazwa hitilafu CVE-2016-0728 katika sehemu ya Linux inayotunza funguo za siri. Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2013, njia moja ya programu ilikuwa inashika bila kuachia. Hesabu ilikuwa ya biti 32. Mshambuliaji akirudia ombi lilelile zaidi ya mara bilioni 4, ilizunguka ikarudi sifuri, kitu kikatupwa kikiwa bado kinatumika, na mlango wa kupata mamlaka yote ya mashine ukawa wazi. Mwaka 2017, katika toleo la 4.11, Linux ilipata aina mpya ya hesabu ambayo ikikaribia kikomo hugota na kutoa onyo badala ya kuzunguka.

Udhaifu wa vitu vinavyoshikana vyenyewe nao ulirudi. Tangu 4.2BSD, Unix ya Berkeley ya 1983, programu zinaweza kutumiana mafaili yaliyofunguliwa kupitia soketi, yaani viungo vya mawasiliano kati ya programu. Soketi ikitumwa ndani yake yenyewe kisha wote wakaifunga, hesabu haitafika sifuri kamwe. Ndiyo maana kerneli ya Linux, iliyojengwa juu ya hesabu, ilibidi iweke ndani yake mkusanya taka wa kushughulikia soketi hizo. Mkusanya taka huyo akagongana kwa wakati na programu zinazochungulia ujumbe bila kuuondoa. Hitilafu hiyo, CVE-2021-0920, ilitumika kweli kushambulia simu za Android, ambazo kerneli yake ni Linux. Katika toleo la 6.10 la Julai 2024 mkusanya taka aliandikwa upya, kwa kutumia kanuni ya kuchambua mizunguko ambayo Robert Tarjan aliichapisha mwaka 1972.

Historia hii inatoa hukumu moja: kila mbinu iliyodumu ilianza na mtu aliyejiuliza kwa uaminifu nani bado amekishika kitu, na maafa yaliyosimuliwa hapa yalitokea pale jibu lilipokosewa. Programu ya Linux iko wazi kwa yeyote kuisoma, na iput bado imo humo kwa jina lilelile la Toleo la Sita. Wahadhiri wa kompyuta wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wafanye alichofanya Lions kule Sydney: wawape wanafunzi fs/inode.c na fs/dcache.c, na wawatake waonyeshe, kwa kila mahali kitu kinaposhikwa, ni wapi kinapoachiwa.