Mama asilaumiwe kwa kuzaa wasichana

Katika Ituri yetu, mtu akipata wasichana wanne bila mvulana, jamaa yake huanza kunung'unika: «Bibi huyu hajui kuzaa.» Wengine hutafuta bibi wa pili, na ndoa takatifu inavunjika. Sisi mapadri na makatekista twayajua maneno hayo. Basi inafaa tujue namna ukweli ulivyogunduliwa.

Zamani Aristoteli alifundisha kwamba mtoto wa kike huzaliwa moto wa baba usipopata nguvu ya kutosha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliipokea elimu ile, lakini aliongeza kwamba mwanamke amekusudiwa na Mungu tangu mwanzo.

Mwaka wa 1891 Mjerumani Hermann Henking aliona ndani ya mbegu za mdudu dume kitu kinachoingia katika nusu tu ya mbegu. Akakiita X. Mwaka wa 1905, huko Marekani, mama mmoja mwenye elimu, Nettie Stevens, alichungua wadudu wa unga kwa mikroskopi. Jike alikuwa na kromozomu 20 kubwa. Dume alikuwa na 19 kubwa na 1 ndogo. Mwaka ule ule Edmund Wilson naye alionyesha kwamba kromozomu hutenga dume na jike.

Mwaka wa 1956 Tjio na Levan walihesabu kromozomu za binadamu: 46. Mwaka wa 1959, ule ambao Bunia ilifanywa diosezi, wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba mwenye X mbili na Y moja ni mwanamume, na mwenye X moja bila Y ni mwanamke. Kumbe Y ndiyo inayoleta uvulana. Mwaka wa 1990, London, ikajulikana sehemu ya Y inayofanya kazi hiyo: SRY.

Basi mama, mwenye X mbili, hutoa X sikuzote. Baba hutoa X ama Y. Hata hivyo tusimgeuzie baba lawama, kwani hachagui mbegu. Mara chache mwili wa mtoto haufuati njia hii ya kawaida. Huyo naye si laana, aletwe kwenye ubatizo kama wenzake.

Makatekista, wafundisheni wachumba mambo haya mbele ya wazee wao, kabla mali haijatolewa.