Moto si Moto: Asili ya Neno Fupi

Neno moto halimtatizi Mswahili: ni kile kiwakacho. Lakini mwanafunzi aliyelelewa kwa Kilingala, alikutapo kitabuni, huenda akaona sura ya mtu. Kwani moto kwa Kilingala ni mtu, na wingi wake ni bato. Je, maneno haya ni ndugu?

Tuanze na la Kiswahili. Wingi wake, mioto, watufunulia kuwa shina ni -oto, na kwamba irabu ya kiambishi mu- ilimezwa na o ya shina. Shina hilo li hai katika kitenzi kuota, tusemapo kuota moto. Waganda nao husema okwota omuliro, na jiko la mafiga huliita ekyoto. Kwao moto wenyewe una jina jingine, ila kuuota kumebaki na shina la kale.

Moto wa Kilingala una shina jingine kabisa, nalo ni -ntu, lile la mtu na umuntu, ambalo Wilhelm Bleek alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1862 kuitaja jamii ya lugha za Kibantu. Katika Kilingala n ilidondoka, na u ikawa o. Tena wanalo neno jingine, lenye toni ya juu mwishoni, maana yake kichwa, wingi mito. Hili ni ndugu wa omutwe wa Kiganda. Hata moto wa kuwaka wanao, ila irabu zake hutamkwa kwa kinywa kilicho wazi zaidi.

Mwishowe Kifaransa kikaleta moto wa pikipiki, kifupi cha motocyclette, ambacho asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusogeza. Huko Kigali na Goma, moto huu hubeba abiria.

Basi kufanana kwa sauti si udugu. Kabla ya kuyaunganisha maneno mawili, hatuna budi kuuliza ngeli, wingi na majirani zake. Na mwalimu amwambiaye mwanafunzi kwamba lugha ya mamaye imekiharibu Kiswahili, amwonea. Kilingala hakikuazima mtu kwetu kikamgeuza moto. Kilirithi -ntu kutoka kwa mababu, kama sisi tulivyorithi.