Magonjwa ya zinaa kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi (Kajiado)

Kaswende, kisonono, klamidia na maradhi mengine ya zinaa huwapata pia watu waliotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (ARV) kwa miaka mingi. Katika Kaunti ya Kajiado, Entarara na Kitengela zikiwemo, dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya umma, kama kwingineko Kenya. Anayezimeza barabara hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake virusi hivyo kwa ngono. Kaswende, hata hivyo, haizuiliwi na ARV. Kondomu bado inahitajika.

Tatizo kubwa ni ukimya wa maradhi haya. Kliniki nyingi hutibu kwa kufuata dalili: usaha, kidonda, maumivu chini ya kitovu. Mwanamke mwenye klamidia mara nyingi hana hata moja, basi huchukua ARV zake za miezi kadhaa na kurudi nyumbani na ugonjwa unaoweza kumfanya tasa. Ni haki yake kuulizwa kuhusu maradhi haya bila kuaibishwa, na kupimwa. Kaswende ya mapema huponywa kwa sindano ya penisilini. Mwenza naye atibiwe. Hatari nyingine ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi vya HPV ambavyo navyo huenezwa kwa ngono: huwatishia wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi takriban mara 6 zaidi ya wengine.