Kiasi cha dawa za kulevya kama ushahidi wa nia (Tanzania)

Kiasi cha dawa za kulevya anachokutwa nacho mtu ni kati ya mambo yanayoamua kama sheria ya Tanzania itamhesabu kuwa mtumiaji au msafirishaji. Tofauti ni kubwa: msafirishaji anaweza kufungwa maisha. Katika miji ya mpakani kama Tunduma, mkoani Songwe, huongezeka swali la pili, yaani kama aliyeshika mzigo alijua kilichomo.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 (Sura ya 95), iliyochukua nafasi ya ile ya 1995. Sheria ya zamani ilitazama zaidi thamani: dhamana ilizuiwa endapo kamishna angethibitisha kwamba dawa zilizidi shilingi milioni 10, na faini ilikokotolewa kwa bei ya soko. Kipimo hicho kilikuwa na udhaifu ulio wazi, kwa kuwa bidhaa haramu haina bei ya dukani. Sheria ya 2015 ilihamia kwenye uzito.

== Maana ya kusafirisha ==
Katika lugha ya kila siku, kusafirisha ni kupeleka kitu kutoka mahali hadi mahali. Kisheria neno hili ni pana zaidi: linajumuisha kuingiza nchini, kutoa nje, kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, kuzalisha na hata kumiliki. Kwa hiyo mtu aliyekutwa na dawa chumbani kwake, bila kuhama hatua moja, anaweza kushtakiwa kwa kusafirisha. Upande wa mashtaka haulazimiki kumleta mnunuzi mahakamani.

Kwa sababu hiyo uzito hubeba kazi ambayo watu wengi hudhani ni ya ushahidi wa biashara. Tangu marekebisho ya 2017, anayesafirisha zaidi ya gramu 200 za dawa kama heroini au kokeini huangukia kifungu cha 15, chenye adhabu ya kifungo cha maisha. Gramu 200 au pungufu humpeleka kifungu cha 15A, ambacho adhabu yake ni miaka 30. Kwa bhangi na mirungi mpaka umewekwa kwa kilo. Uzito pia huamua kama mshtakiwa anaweza kupata dhamana.

== Kiasi kidogo ==
Kifungu cha 17 kinahusu kiasi kidogo kwa matumizi binafsi, na adhabu yake ni nyepesi zaidi. Hapa mzigo wa kuthibitisha unahama: mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba dawa zilikuwa za kutumia mwenyewe, si za kuuza. Jambo hili halikai kwa raha pamoja na ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayokataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa.

Nchi nyingine zimekata shauri tofauti. Singapore, kwa sheria ya 1973, humdhania kuwa mfanyabiashara yeyote mwenye zaidi ya gramu 2 za heroini au gramu 15 za bhangi, mpaka athibitishe vinginevyo. Afrika Kusini ilikuwa na dhana ya namna hiyo kwa bhangi inayozidi gramu 115, lakini Mahakama ya Katiba iliifuta mwaka 1995 kwa kuwa iliruhusu mtu kutiwa hatiani hata pale penye shaka ya msingi.

== Tunduma na suala la kujua ==
Tunduma inatazamana na Nakonde, Zambia. Hapo hupita barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam pamoja na reli ya TAZARA, na tangu Oktoba 2019 nchi hizo mbili zina kituo cha pamoja cha forodha. Dereva wa lori, utingo, abiria wa basi na bodaboda wote hubeba mizigo ambayo mara nyingi hawakuifunga wao.

Uzito hausemi lolote kuhusu kichwa cha mtu huyo. Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 1987 kwamba ili mtu ahesabiwe kumiliki kitu ni lazima ithibitike kuwa alijua kipo na alikuwa na mamlaka juu yake, au kwamba kililetwa kwa mpango wake hata kama hakuwepo. Kilo nyingi zilizofichwa chini ya magunia ya mahindi zinaweza kuonyesha biashara bila kuonyesha ni ya nani.

Uzito wenyewe nao hubishaniwa. Majani mabichi hupungua uzito yakikauka, na kipimo cha kituoni kinaweza kutofautiana na cha Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ndiyo maana mahakama huuliza nani alikamata, nani alifunga kwa lakiri, nani alitunza na nani alipima. Pengo katika mnyororo huo linaweza kumwachia huru hata aliyekamatwa na mzigo mkubwa.