Mto Mkondoa na Reli ya Kati: Nani wamepima, nini kimejulikana

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MWISHONI mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, maji ya Mto Mkondoa yaliacha njia yake na kubomoa tuta la Reli ya Kati katika sehemu mbalimbali kati ya Kilosa, mkoani Morogoro, na Gulwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma. Maelfu ya wakazi wa Kilosa walipoteza makazi. Usafiri wa treni kutoka Dar es Salaam ulikatika kwa miezi kadhaa, na abiria waliokuwa wakienda Tabora na Kigoma walilazimika kufika kwanza Dodoma kwa basi, ndipo wapande treni.

Haikuwa mara ya kwanza kwa kipande hicho kuharibika, wala haikuwa ya mwisho. Kila msimu wa mvua kubwa, wahandisi wa reli huelekeza macho yao Kidete, Godegode na Gulwe kabla ya mahali pengine popote.

Lisilojulikana na wengi ni kwamba mto huu na ardhi inayoulisha vimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 80, na wataalamu kutoka Uingereza, Sweden na Japani wakishirikiana kwa nyakati tofauti na wenzao wa Tanzania. Makala haya yanaeleza walichopima, walichokiona, na kwa nini ujuzi huo haujaiokoa reli kikamilifu.

Kwa nini reli ilifuata mto

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya utawala wa Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Kutoka Kilosa kwenda Dodoma, njia hupanda kutoka nyanda za chini hadi uwanda wenye kimo cha zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Treni haiwezi kupanda mlima mkali kama gari. Hivyo wajenzi walitumia mlango ambao maumbile yalikuwa yameshaufungua, yaani bonde la mto unaokata safu ya milima kati ya Kilosa na Mpwapwa.

Mto huo huitwa Kinyasungwe unapokusanya maji yake katika uwanda wa Dodoma, na huitwa Mkondoa unaposhuka kuelekea Kilosa, kabla ya kuingia Mto Wami na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Uamuzi wa kuufuata ulipunguza gharama za kuchimba mahandaki na kukata milima. Lakini uliifunga reli na mto katika bonde moja jembamba, na tangu hapo kila tatizo la mto limekuwa tatizo la reli.

Vipimo vya Mpwapwa

Dodoma hupata wastani wa milimita zisizofika 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Msomaji anaweza kujiuliza inakuwaje eneo kame namna hiyo lizae mafuriko.

Jibu lilianza kupatikana Mpwapwa katika miaka ya 1930. Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha huko, maofisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza waligawa ardhi ya mteremko katika vipande, wakapima ni kiasi gani cha mvua kilitiririka na ni kiasi gani cha udongo kilichukuliwa. Majaribio hayo ni miongoni mwa ya mwanzo ya aina yake barani Afrika.

Matokeo yalikuwa wazi. Katika ardhi iliyoachwa tupu, takriban nusu ya mvua ilitiririka na kupotea. Katika shamba la uwele ilitiririka kama robo. Katika ardhi yenye nyasi, ni takriban asilimia mbili tu. Ardhi tupu ilipoteza zaidi ya tani 100 za udongo kwa hekta moja kwa mwaka, ilhali penye nyasi upotevu wa udongo haukuonekana.

Maana yake kwa reli ni hii: wingi wa mvua si kipimo pekee cha hatari. Mvua ileile inaweza kuwa ya kawaida ikianguka juu ya nyasi, na ikawa gharika ikianguka juu ya ardhi iliyo wazi.

Dar es Salaam na Uppsala

Kati ya mwaka 1968 na 1972, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia ofisi yake ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi (BRALUP), kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden kuchunguza mmomonyoko wa udongo nchini. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo walikuwa Anders Rapp na Len Berry.

Karibu na mji wa Dodoma walichagua mabonde ya mabwawa ya Ikowa, Msalatu na Matumbulu. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka: bwawa hushika mchanga wote unaoletwa na maji, kwa hiyo ukipima kina cha bwawa leo na kukilinganisha na kina cha siku lilipojengwa, utajua mlima umepoteza nini. Waligundua kuwa mabwawa hayo yalikuwa yakijaa mchanga kwa kasi ambayo ingeyamaliza katika miongo michache tu. Mwanajiografia Carl Christiansson aliendeleza kazi hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1981.

Watafiti hao hawakuwa wakishughulika na usafiri. Lakini Ikowa iko katika bonde la Kinyasungwe. Mchanga ambao haukamatwi na mabwawa ya aina hiyo huendelea na safari hadi chini ya madaraja ya reli.

Hapo ndipo uharibifu hutokea kwa hatua. Kwanza mchanga huinua sakafu ya mto, na nafasi iliyo chini ya daraja hupungua. Kisha makalvati huziba, na maji ya makorongo ya pembeni hukosa pa kupita. Mwisho mto huhama, hugeukia ukingo wa upande wa reli na kula tuta kutoka chini. Fundi anaweza kurudisha mataruma na vyuma katika siku chache, lakini mto uliohama haurudi kwa amri.

Wajapani waingia bondeni

Baada ya maafa ya 2009 na 2010, serikali iliomba msaada wa Japani. Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA) lilifanya uchunguzi wa namna ya kuikinga Reli ya Kati dhidi ya mafuriko. Wakati huo mwenye miundombinu ya reli alikuwa Kampuni Hodhi ya Rasilimali za Reli (RAHCO), ambayo mwaka 2017 iliunganishwa na kampuni ya uendeshaji kuwa Shirika la Reli Tanzania (TRC).

Tofauti na matengenezo ya dharura, uchunguzi wa namna hii hutazama bonde zima. Kuna njia tatu kuu ambazo mhandisi huzipima: kuimarisha kingo za mto, kuinua tuta na kupanua madaraja, au kuihamisha reli mbali na mto. Ya kwanza ni nafuu lakini hudai matengenezo kila mwaka. Ya tatu hudumu zaidi lakini ni ghali mno.

Benki ya Dunia nayo iliidhinisha mwaka 2014 mkopo wa dola za Marekani milioni 300 kwa mradi wa kuboresha reli kati ya Dar es Salaam na Isaka. Katika awamu iliyofuata ya mradi huo, kipande cha Kilosa, Gulwe na Igandu kilipewa uzito kwa sababu ya mafuriko.

Wapo wanaodhani suala hili limekwisha kwa kuwa reli ya kisasa (SGR) sasa ipo. Ni kweli kwamba treni za abiria za SGR zilianza kufika Dodoma Julai 25, mwaka 2024, na kwamba njia hiyo mpya ina mahandaki milimani Kilosa. Hata hivyo vituo vyake ni pamoja na Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Majirani wa mto ni walewale.

Somo la barabara za vijijini

Kinachotokea katika reli kinafanana na kilichoonekana katika barabara. Kuanzia mwaka 2008, Uingereza ilifadhili programu ya utafiti wa barabara za vijijini barani Afrika iliyojulikana kama AFCAP, na baadaye ReCAP, iliyofikia mwisho mwaka 2020. Kwa Tanzania mshirika alikuwa TAMISEMI, yenye makao yake Dodoma. Vipande vya majaribio vilijengwa katika barabara ya Bago hadi Talawanda, wilayani Bagamoyo, na Lawate hadi Kibongoto, wilayani Siha, vikitumia zege, mawe na lami nyepesi ili kulinganisha kipi kinadumu.

Ujuzi wa aina hiyo uliingia katika mwongozo wa taifa wa barabara zenye magari machache, uliotolewa mwaka 2016. Mwaka uliofuata ukaanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), unaosimamia mtandao wa zaidi ya kilometa 144,000, ambao sehemu yake kubwa ni udongo na changarawe.

Lakini kipande cha majaribio hakitoi jibu siku kinapozinduliwa. Hulitoa baada ya masika mengi, ikiwa bado yupo mtu wa kwenda kukipima.

Mfadhili akiondoka

Hiyo ndiyo kasoro ya ushirikiano huu. Mradi wa nje huwa na miaka mitatu, minne au mitano. Mto hubadilika kwa miongo. Mtafiti hufika na vyombo, huandika ripoti nzuri na kuondoka. Anayefuata huanza upya kukusanya takwimu za mvua na za maji, na mara nyingi hukuta miaka ya katikati haina kumbukumbu.

Kasoro ya pili ni ya haki. Tiba ya mchanga iko juu, katika mashamba na malisho ya Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, ilhali fedha za miradi ya usafiri hutumika chini, relini. Historia inatahadharisha: mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) uliosaidiwa na Sweden, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Mimea ilirudi, lakini gharama ya kwanza ilibebwa na wafugaji. Si haki kumtaka mkulima wa Mpwapwa ailinde reli bila kumwonyesha faida yake.

Vyuo vipo. Taasisi iliyorithi kazi ya BRALUP ingali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kimewahi kuwamo katika mpango wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri Afrika Mashariki. Kinachohitajika ni kazi isiyo na sherehe: kusoma kipimo cha maji cha Mkondoa kila siku, kupima sakafu ya mto chini ya kila daraja kila mwaka, na kuitunza kumbukumbu hiyo mahali ambapo mgeni wa kesho ataikuta. Kazi hiyo haigharimu hata sehemu ndogo ya tuta moja jipya.

Tarehe za kukumbuka

1910: Reli ya Kati yafika Dodoma.

Miaka ya 1930: Majaribio ya mmomonyoko yafanyika Mpwapwa.

1968–1972: Utafiti wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala.

2009–2010: Mafuriko yakata reli kati ya Kilosa na Gulwe.

2014: Benki ya Dunia yaidhinisha mkopo wa kuboresha reli hadi Isaka.

2017: TARURA yaanzishwa, RAHCO yaunganishwa kuwa TRC.

2024: Treni za abiria za SGR zaanza safari hadi Dodoma.